Mkate wa mtoto mwenye aleji ya ngano, mayai, maziwa na korosho: anza na punje, usianze na unga

SWALI: Mwanangu ana miaka mitano. Hospitali wamethibitisha kwamba ana aleji ya ngano, mayai, maziwa ya ng'ombe na korosho. Tunaishi Mikindani, na baba yake ana shamba la mikorosho upande wa Nanyamba, kwa hiyo msimu ukifika nyumba inajaa korosho. Nimejaribu kumwokea mkate wa unga wa muhogo. Mara unatoka mgumu hautafuniki, mara unaiva juu na ndani unabaki umenata. Isitoshe, mara mbili amevimba midomo baada ya kuula, na sikutia hata kimoja cha hivyo alivyokatazwa. Mama mkwe anasema tumzoeze korosho kidogo kidogo, maana hata yeye zilimbabua mikono na akazoea. Nifanyeje? Na je, naweza kuoka mkate wangu kwenye tanuri la jirani anayeoka mikate ya kuuza?

JIBU: Dada yangu, pole kwa kazi hiyo, na hongera kwa kutokata tamaa. Naanza na jambo uliloliandika katikati kana kwamba ni dogo: midomo kuvimba mara mbili kwa mkate usio na kitu chochote alichokatazwa. Mkate mgumu tutautengeneza. Mkate unaomvimbisha mtoto midomo usimpe tena, hata kipande, mpaka tujue kilichomdhuru kimeingilia wapi.

Ninayemshuku wa kwanza ni mashine ya kusaga. Makopa yako, yaani muhogo mkavu, uliyapeleka mashineni, na mbele yako kwenye foleni huenda alikuwepo mtu na unga wake wa lishe. Unga wa lishe unajua jinsi unavyochanganywa: mahindi, ulezi, soya, karanga, wengine huongeza ngano, na huku kwetu wengine hutia korosho zilizovunjika kwa sababu ni rahisi kuzipata. Mwenye mashine hawezi kuifungua na kuiosha kwa kila mteja. Unga wa aliyetangulia hubaki kwenye chekeche, kwenye nyundo za ndani na kwenye mfuko wa kitambaa unaopokea unga, kisha hutoka pamoja na kilo zako za kwanza. Wewe na mimi hatudhuriki. Mwili wa mwanao ni tofauti: kinga yake imeshatengeneza kingamwili aina ya IgE dhidi ya protini za vyakula vile vinne, na kingamwili hizo zikikutana na protini yake, hata kwa chembe isiyoonekana kwa macho, seli humwaga kemikali iitwayo histamini. Hapo ndipo midomo inavimba, mabaka yanatoka, mtoto anatapika, na siku mbaya pumzi zinabana.

Mashine si mshukiwa pekee. Beking pauda nyingine hutiwa wanga wa ngano ili isigande. Majarini nyingi zina vitu vya maziwa ndani yake. Mafuta yaliyokwisha kukaangia maandazi tayari yana ngano, na mara nyingi maziwa na mayai pia. Kinu kilichotwangiwa korosho hakitakati kwa kufutwa na kitambaa. Mwiko wa mbao na ubao wa kukatia vina nyufa zinazohifadhi mabaki. Upo pia uwezekano mdogo kwamba muhogo wenyewe ndio unaomsumbua, kwani aleji ya muhogo ipo ingawa ni adimu. Kwa hiyo rudi kwa daktari, mweleze mara hizo mbili: alikula nini, kiasi gani, na baada ya dakika ngapi midomo ilianza kuvimba. Andika kwenye daftari usije ukasahau. Kama hamjapewa mtaalamu wa kumfuatilia, ulizeni Hospitali ya Ligula au Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo wawaelekeze.

Kabla ya kuingia jikoni, hili la dharura ulikariri na umkaririshe kila anayebaki na mtoto. Dalili za aleji hutokea kwa kawaida ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula. Akianza kukohoa mfululizo, kukoroma au kupiga mluzi anapovuta pumzi, sauti ikikauka, akilegea au akitapika huku mwili umetoka mabaka, dawa yake ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, upande wa nje, na inatakiwa haraka. Kipimo chake ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, na wahudumu wa afya wanakijua. Mkimbize hospitali, na ukifika mapokezi sema wazi, "Huyu ana aleji ya chakula na pumzi zinambana," usingoje zamu. Njiani mlaze, au kama anahangaika kupumua mkalishe akiwa ameegemea. Usimsimamishe wala kumtembeza. Vidonge vya aleji vya duka la dawa hutuliza mwasho na mabaka, lakini havifungui njia ya hewa, kwa hiyo visikucheleweshe nyumbani. Na muulize daktari kama mnaweza kuwa na adrenalini nyumbani na mkafundishwa kuichoma.

Sasa tuje kwenye mkate. Ushauri wangu ni huu: anza na punje nzima. Achana na unga uliosagwa na mtu mwingine, hata kama umeandikwa maneno mazuri juu ya mfuko. Mchele unauona kwa macho, unaupeta, unauchambua, unauosha maji mara tatu au nne, unauloweka na kuusaga mwenyewe kwa blenda yako. Mtama hivyo hivyo. Muhogo unaumenya na kuukuna mwenyewe. Kwa njia hiyo unaikwepa kabisa mashine ya mtaani, na kazi inayobaki ni kulinda vyombo vyako tu. Pata blenda ambayo haijawahi kusaga korosho wala karanga. Kama ile ya nyumbani imeshasaga, ni bora ununue nyingine ya bei ndogo kuliko kuamini kwamba umeisafisha vizuri, maana pale chini ya kisu kuna mpira unaoficha kila kitu. Iandike jina la mtoto kwa rangi ya kucha, iweke juu ya kabati.

Na bahati nzuri, pwani yetu ina mikate ya zamani isiyojua ngano. Ngano haistawi huku. Wazee wa Kilwa, Lindi na Mikindani walikuwa na mkate wa mofa wa unga wa mtama, na walikuwa na mkate wa kumimina wa mchele na nazi. Mtoto wako hali chakula cha mgonjwa akila mkate huo; anakula mkate wa kwao. Nakusihi uanze na wa kumimina, kwa sababu mikono yako pengine inaujua tayari na kwa sababu si rahisi kuuharibu.

Chukua nusu kilo ya mchele, uoshe, uloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yake, utie kwenye blenda pamoja na mililita 400 za tui zito ulilokuna na kukamua mwenyewe, gramu 100 hadi 150 za sukari, iliki ya kutwanga (itwange kwa mchi na kinu kidogo cha peke yake), na chumvi kidogo. Saga mpaka ukisugua tone kati ya vidole usisikie chenga. Hapa ndipo wengi wanapokosea: mchele uliosagwa nusunusu unazama chini, juu kunabaki maji, na mkate unatoka tabaka mbili. Kisha tia kijiko kimoja na nusu cha chai cha hamira, zungusha mara moja tu ichanganyike. Mimina kwenye bakuli, funika. Kwa joto la Mikindani dakika 45 hadi saa moja zinatosha. Wakati wa kipupwe subiri zaidi kidogo. Utaona mapovu yametapakaa juu na mchanganyiko umekaribia kuwa maradufu. Usiukoroge tena. Wengine hupiga ute wa yai na kuutia hapa. Huna haja nao, tui na hamira vinatosha kabisa.

Pasha moto sufuria yenye kitako kizito, ipake mafuta ya nazi, mimina mchanganyiko ukiwa umeinama karibu ili usipoteze mapovu. Moto wa chini uwe mdogo, funika, ngoja kama dakika 20 mpaka katikati pasitikisike. Kisha palia makaa juu ya mfuniko, punguza ya chini, mpaka uso uwe wa rangi ya dhahabu. Ukiwa na oveni, nyuzijoto 180 kwa dakika 40 hadi 45. Kijiti kikitoka kikavu, epua.

Kuhusu nazi: watu wengi wenye aleji ya korosho wanakula nazi bila shida, lakini wapo wachache wasioiweza. Kama mwanao anakula wali wa nazi na mchuzi wa nazi siku zote, endelea kwa amani. Kama hajawahi, muulize daktari kwanza.

Huo ni mkate mtamu. Najua unataka pia mkate wa chumvi, wa kukata vipande, wa kunywea chai na kufungia shuleni. Huo una kazi zaidi, na lazima kwanza uelewe kwa nini wa muhogo ulikushinda.

Ngano ina protini mbili, gliadini na glutenini, ambazo zikikutana na maji na kukandwa zinaungana kuwa gluteni. Gluteni ni wavu: hamira inapotoa hewa, wavu unaidaka, donge linainuka na kubaki juu mpaka moto uligandishe. Muhogo, mchele, mtama, uwele, ulezi na mahindi hazina wavu huo. Hewa inatoka na kupotea, mkate unakaa chini, na unga wa muhogo kwa kuwa ni wanga karibu mtupu unanyonya maji na kunata ndani huku nje umeshakauka. Kukanda zaidi hakusaidii, kuongeza hamira hakusaidii. Kinachotakiwa ni kitu cha kushika hewa mahali pa gluteni.

Kitu hicho kinauzwa famasi: maganda ya ispaghula, yale wanayopewa watu wenye choo kigumu. Nunua yasiyotiwa sukari, rangi wala ladha ya chungwa, na usome kasha lote. Yakilowa yanakuwa ute mzito unaovutika, na ute huo ndio unaodaka hewa na kukufanya uweze kukata kipande bila kumomonyoka. Usiyapepete karibu na uso wa mtoto, kwa sababu vumbi lake likivutwa puani linaweza lenyewe kuleta aleji. Na kwa kuwa ni chakula kipya kwake, mpe kwanza kijiko kidogo cha mkate, asubuhi, siku ambayo uko nyumbani na usafiri upo. Kila kitu kipya fanya hivyo: kimoja kwa wakati wake, na usubiri siku tatu kabla ya kingine.

Ukikosa ispaghula, pika sehemu ya nafaka iwe uji mzito kwanza. Chota kikombe kimoja cha mchele uliosagwa na maji, upike ukikoroga mpaka ushikane, uache upoe kabisa, kisha uchanganye na uliobaki. Wanga ulioiva unashika hewa kuliko wanga mbichi. Mkate hautainuka sana, ila utakuwa laini na utakatika.

Kipimo chenyewe: gramu 250 za mchele na gramu 150 za mtama mweupe, vyote vioshwe na kulowekwa usiku kucha, kila kimoja bakuli lake. Mtama mwekundu una ladha ya ukakasi kwenye mkate, watoto wengi hawaupendi. Asubuhi vichuje, visage pamoja na mililita 200 za maji mpaka vilainike kabisa. Pembeni, vijiko vinne vya chakula vya ispaghula, yaani kama gramu 20, vikoroge kwenye mililita 200 za maji na uache dakika kumi vigande. Unganisha vyote viwili, ongeza gramu 100 za wanga mkavu wa muhogo, vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya alizeti au nazi ambayo hayajakaangia kitu, kijiko kimoja cha sukari, kijiko kimoja na robo cha chai cha chumvi, kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu, na vijiko viwili vya chai vya hamira. Piga kwa mwiko kwa nguvu dakika tano. Utapata kitu kizito kuliko uji na chepesi kuliko donge la chapati. Mikono haikandi hapa. Ukiona unatamani kuongeza unga ili ushike kama donge la maandazi, jizuie, kwa sababu huko ndiko mkate mgumu unakotoka.

Tia kwenye chombo cha kuokea kilichopakwa mafuta, laza juu kwa kijiko kilicholoweshwa maji. Mkate huu unaumuka mara moja tu. Ule wa ngano unaweza kuuponda na kuuacha uumuke tena, lakini huu ukiuponda umeua kila kitu. Na kwa joto letu unaumuka upesi kuliko vitabu vinavyosema: uchungulie baada ya dakika 25, na ukiwa umepanda kwa nusu yake zaidi, uingize motoni mara moja. Ukisubiri uwe maradufu utaporomoka ndani ya oveni na kuacha shimo katikati.

Oka kwa nyuzijoto 200, saa nzima. Ndiyo, saa nzima, hata kama juu umeshakuwa rangi nzuri kwa dakika 35. Ufunike karatasi ya foili uendelee. Kule kunata ulikoniandikia ni mkate ulioepuliwa mapema au uliokatwa ukiwa moto. Wanga unaendelea kushikana wakati unapoa, kwa hiyo utoe kwenye chombo, uweke juu ya chekeche au waya, usiuguse kwa saa mbili. Najua mtoto atakuwa anazunguka hapo jikoni. Mpe ndizi asubiri.

Bila oveni, jiko la mkaa linaweza kazi hii vizuri. Sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu safi chini kimo cha vidole viwili, funika na kuipasha dakika 15. Weka chombo cha mkate juu ya mchanga, funika kwa sinia ya bati, palia makaa juu. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Muda ni ule ule wa saa moja, na katikati ubadilishe makaa ya juu yaliyofifia.

Nimesema wanga wa muhogo, na hapa nina jambo zito. Kwa kuwa mtoto hali ngano, kishawishi ni kumpa muhogo asubuhi, mchana na jioni. Muhogo, hasa ule mchungu, una kemikali zinazotoa sumu iitwayo sianidi. Mwili unaiondoa sianidi kwa kutumia viini vya protini vyenye salfa, na mtoto aliyekatazwa maziwa na mayai tayari ana njia chache za kupata protini hizo. Konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiopona, huwapata hasa watoto na kina mama wanaoishi kwa muhogo mchungu ambao haukutayarishwa vizuri huku protini ikikosekana. Mkoa wetu wa Mtwara uliwahi kuupata mwanzoni mwa miaka ya 2000. Si hadithi ya mbali.

Kwa hiyo tumia muhogo mtamu tu, uumenye, uukune, uuoshe kwa maji mengi na kuukamua kwa kitambaa safi. Yale maji yenye wanga yaache yatuame saa tatu au nne, mwaga ya juu, anika ule weupe uliobaki chini kwenye sinia yako. Huo ndio wanga wa mkate, na kuoshwa huko kunaondoa sehemu kubwa ya sumu. Na kwa familia yote, unapotumia unga wa makopa, kuna njia nyepesi aliyoifanyia kazi Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, nayo imetumika huku kusini: unachanganya unga na maji uwe tope zito, unautandaza mwembamba juu ya mkeka au sinia, kivulini kwa muda wa saa tano au juani kwa muda wa saa mbili, sianidi inaruka kama gesi, kisha unaupika ugali siku hiyo hiyo. Ni kazi ndogo na inafaa kila nyumba inayokula muhogo mchungu. Mbegu bora za muhogo mtamu waulizeni TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, hapo hapo jirani yenu.

Protini irudishe kwa vitu vya kwetu. Samaki mnao, bahari iko mlangoni. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wanampa kalisiamu aliyoikosa kwenye maziwa. Mbaazi, kunde na choroko zimo humu humu Lindi na Mtwara. Ukishauzoea mkate huu, punguza gramu 50 za mchele, uweke mbaazi zilizolowekwa na kukobolewa, visagwe pamoja. Ila usimpe maziwa ya mbuzi ukidhani ni salama. Protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, na karibu watoto wote wenye aleji ya moja hudhurika kwa mengine. Mayai ya kienyeji nayo ni mayai. Aleji haitofautishi kuku. Na kisamvu, kabla hajala kwa watu, uliza kimetwangwa na nini.

Sasa mama mkwe. Nina heshima kubwa kwa mama huyu, na anachokisema kimetokana na jambo alilolipitia kweli. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi ya mtu yeyote. Wabanguaji wote wanayajua, mikono inachubuka na kuwa myeusi, na hatimaye mtu anajifunza kujipaka mafuta au majivu kabla ya kubangua. Hayo ni mafuta ya ganda juu ya ngozi. Aleji ya mjukuu wake ni ya protini zilizo ndani ya korosho yenyewe, ile nyeupe tunayokula, na ugomvi wake uko ndani ya damu. Mmoja hauhusiani na mwingine. Mweleze hivyo taratibu, ikiwezekana mwende naye kliniki amsikie daktari mwenyewe, maana maneno ya mkaza mwana yana mipaka yake. Ipo tiba ya kumzoeza mgonjwa chakula kidogo kidogo, lakini hufanywa na madaktari, kwa vipimo vya miligramu, adrenalini ikiwa mezani. Nyumbani, kumpa korosho moja "ajaribu" kunaweza kumuua. Nimeliandika neno hilo kwa makusudi.

Na mpe bibi kazi. Yeye awe mlinzi wa msimu: korosho zibanguliwe na kukaangwa nje, upande mmoja wa ua, kwa vyombo visivyoingia jikoni, anayezishika anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla hajamgusa mtoto, kwani maji matupu hayatoshi, kinu cha korosho kiwe cha korosho siku zote. Pistachio, zile kokwa za kijani, nazo mtoto asiguse, protini zake ni ndugu wa karibu na za korosho, na huku tunakutana nayo kwenye vitu vitamu vinavyoletwa na wageni wa Idi. Embe ni ukoo mmoja na mkorosho, lakini watoto wengi wa aina hii wanakula embe vizuri. Kama amekuwa akila, aendelee. Bibo lenyewe, lile tunda la mkorosho, msimpe mpaka daktari aseme.

Shuleni, kinachonitia hofu ni uji wa lishe. Mwalimu wake na mpishi wa shule wapewe barua ya daktari, na mtoto abebe kikombe chake na uji wake.

Mwaka ukipita rudini mkapime upya. Maziwa, mayai na ngano, watoto wengi huviweza wanapokua. Korosho mara nyingi hubaki. Kipimo cha damu au cha ngozi peke yake hakitoshi kusema mtoto ana aleji, wala kwamba amepona. Daktari hukisoma pamoja na yale yaliyotokea kweli, ndiyo maana nimekuambia uandike daftari. Usimrudishie chakula chochote nyumbani kwa sababu tu mtu amekuambia watoto wake walipona.

Umeuliza tanuri la jirani. Hapana, dada. Moto hauui aleji ya ngano kiasi cha kukutuliza moyo, na tatizo kubwa halimo ndani ya tanuri: unga wa ngano unaelea hewani pale wanapokanda, unatua juu ya mkate wako kabla haujaingia na baada ya kutoka, na koleo linalousukuma ndilo lililosukuma mikate yao tangu alfajiri. Hata chombo chenye mfuniko kitafunguliwa na mikono yenye unga. Tumia sufuria na mchanga nyumbani. Kama jirani ana friza, hiyo ndiyo umwombe, maana mkate huu unakauka siku ya pili: oka miwili Jumamosi, ikipoa kabisa ikate vipande, ufunge kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, uandike jina la mtoto, na kila asubuhi utoe vipande viwili uvipashe kwenye kikaango chake mwenyewe.